Karakana ya Isevya: vigoda vya Kinyamwezi kwenye sebule ya vigae

Umejenga hapa Tabora, umeweka vigae na dari ya jipsamu, na hutaki sebule yako ifanane na ya kila jirani? Nenda kwenye karakana ndogo ya Isevya.

Vigoda ndivyo vilivyonishika moyo. Vina miguu mitatu na vimechongwa kutoka gogo moja la mninga, kama walivyochonga wazee wa Kinyamwezi: hakuna msumari wala gundi. Miguu mitatu haiyumbi hata sakafu isipokuwa sawa. Fundi ameviongezea kimo kidogo ili vilingane na sofa za siku hizi. Vyangu viwili vimekaa kando ya sofa la kijivu, kimoja kimebeba taa, na wekundu wa mninga umeipa joto sebule nzima. Nilipoomba vanishi alinikatalia kabisa: “Hapana mama, paka nta ya nyuki.” Alikuwa sahihi. Mistari ya mbao inaonekana vizuri, na nta katika mkoa huu wa asali haikosekani.

Meza ya kati ina ubao wa nakshi uliofunikwa kioo, nakshi za aina ya mlango wa tembe la Kwihara alikokaa Livingstone. Kazi nzuri mno, ila kioo ni chembamba. Mwambie aweke cha milimita 8.

Kigoda nilinunua kwa shilingi 60,000, na kwa kazi ile sikuona ghali. Agiza kiangazi, maana masika mbao huchelewa kukauka. Bajaji ya kubebea unalipa mwenyewe.