Sabuni nzuri ya ushirika, ila safari hii imekuja mbichi

Sabuni za ushirika huu wa akina mama, zinazotengenezwa kwa mkono, nimezitumia muda mrefu na nimewasifia kwa kila mtu, ndiyo maana hili limeniudhi kweli kweli.

Mzigo wa karibuni ulikuwa wa mchaichai na karafuu. Nafungua karatasi tu, kidole kikazama ndani ya kipande. Baada ya siku chache kilikuwa uteute mtupu kwenye kisahani. Hilo ningelivumilia. Lakini ngozi katikati ya vidole iliwaka, ikakauka, ikapasuka. Nikagusisha ncha ya ulimi kwenye sabuni, ikanichoma papo hapo. Wanaotengeneza sabuni wanajua maana yake: kuna kostiki imebaki, ile kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni.

Nikawaandikia kwa adabu. Nikajibiwa: "Sabuni zetu ni za asili, hazina kemikali. Ngozi yako imezoea za viwandani, itatulia."

Jamani! Hakuna sabuni ya kipande inayotengenezwa bila kostiki. Bila hiyo mafuta ya nazi yanabaki mafuta. Ikipimwa sawasawa, yote huishia kuwa sabuni na glisirini, ile inayolainisha ngozi, na ndiyo raha ya sabuni iliyotengenezwa kwa mkono, kwa sababu glisirini haiondolewi. Baada ya kukatwa, vipande hukaa rafuni wiki 4 hadi 6 maji yapungue, vigande. Hivi vyangu havikukaa. Na kule kuchoma ni vipimo vilivyokosewa au mchanganyiko uliofanywa mbiombio.

Mnajua kinachoniuma zaidi? Nalipa zaidi kwa ajili ya biashara ya haki, na nalipa kwa moyo, ili mtengenezaji apate malipo ya maana na afanye kazi salama. Sasa kama oda zinawakimbiza hivi, akina mama hao wanakoroga kostiki kwa haraka, na kostiki ikiruka jichoni inapofusha. Kwao mimi sina ugomvi hata kidogo.

Nilitaka kutoa nyota 1. Lakini kabatini kuna kipande cha mzigo wa zamani: kigumu, povu zito, na mikono iliyopasuka inakipokea bila kuwasha. Siwezi kuiita sabuni mbaya, nitakuwa mwongo.

Basi nyota 3. Andikeni kwenye karatasi tarehe ya kukatwa nami nitaongeza mbili zilizobaki. Aliyenijibu hapati hata moja mpaka aniombe radhi.