Mbegu za tango la Suyo Long: misimu miwili nikiwa Edmonton

Pakiti mbili nimenunua, mwaka jana na mwaka huu. Ya kwanza haikunipa hata tango moja. Mbegu hazikuwa na kosa, kosa lilikuwa langu.

Suyo Long ni tango lenye asili ya Uchina: refu, jembamba, ngozi ina mikunjo kama shati lisilopigwa pasi, na vimiba vidogo unavyovifuta kwa kiganja chini ya bomba. Pakiti yangu ilisema siku 61 hadi kuvuna. Nikahesabu: hapa Edmonton, Kanada, baridi ya kugandisha huisha mwishoni mwa Mei, hurudi katikati ya Septemba. Siku zinatosha na chenji inabaki! Wiki ya Victoria Day, sikukuu ya Kanada ya mwezi Mei, mtaa mzima umeshika majembe, na mimi nikafukia mbegu zangu. Wiki mbili, kimya. Nikafukua kwa kidole, nikakuta zimeoza. Jua lilikuwa halizami mpaka saa tatu usiku, kumbe udongo una nyuzi 11 tu. Tango linataka angalau 16, na likipata 20 na zaidi ndipo linachangamka.

Mwaka huu nikasia mapema Mei ndani ya nyumba, kwenye vikopo vya mtindi, nikavipanga juu ya friji kwa sababu pana joto. Siku ya nne zikachomoza, nikazihamishia dirishani. Kila kikopo mbegu mbili, na mche dhaifu nikaukata kwa mkasi. Usiung'oe, mizizi ya tango haipendi kuguswa. Nje nikatandika nailoni nyeusi kwenye tuta lililo mbele ya ukuta unaotazama kusini, maana huku jua hupita upande huo, na kila asubuhi nikachomeka ardhini kile kipimajoto cha kupimia nyama. Mke wangu akawa ananichungulia dirishani: "Baba watoto, leo udongo umeamkaje, homa imepanda?"

Ilipanda. Nikaizoesha miche baridi kwa wiki nzima, mchana nje, usiku ndani, na tarehe 7 Juni nikahamishia mitatu bustanini, nikaifunika kwa kile kitambaa cheupe chepesi cha bustani.

Hapa kuna jambo ambalo pakiti yangu haikulitaja: Suyo Long inahitaji nyuki. Ukiiacha imefunikwa wakati wa maua, vitango vinakuwa njano vikiwa na ukubwa wa kidole, kisha vinadondoka. Nilipoteza kama sita kabla sijashtuka na kuondoa kitambaa. Mwenye banda lililofungwa atafute Tasty Jade, chotara ya Kijapani inayozaa bila kuchavushwa. Ubaya wake, mbegu ukizikamua hazitakupa tango lile lile.

La kwanza nilichuma tarehe 9 Agosti. Nikakata kichwa, nikasugua mpaka povu litoke, mazoea ya jikoni kwa bibi Morogoro. Kazi bure, halikuwa na uchungu hata kidogo. Ngozi laini, humenyi. Kwenye kachumbari linalia kachu-kachu, na halichuruziki maji kama yale manene ya dukani.

Kasoro zipo. Yakilala chini yanajipinda kama mundu, kwa hiyo lazima uyafungie kamba yapande. Kwenye friji siku nne tu yamesinyaa. Na usiku wa Agosti ukishuka nyuzi 7, mmea unagoma kabisa; wiki nzima sikuona hata ua jipya.

Miche ile mitatu imenipa matango 27 mpaka jalidi ilipoyababua majani kwa usiku mmoja. Moja nililiacha makusudi likomae kwa mbegu. Sasa liko dirishani, la njano kama embe dodo, na mdogo wetu kila jioni anauliza tunalikata lini.