Walserhaus ya Bosco Gurin: makumbusho madogo yanayostahili safari ndefu

Msafiri anayepanda basi kutoka Cevio, katika jimbo la Ticino nchini Uswisi, husikia Kiitaliano njia nzima hadi barabara inapoishia. Hapo, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500, wazee wa Bosco Gurin huzungumza lahaja ya Kijerumani, tena ya zamani mno kiasi kwamba mtu wa Berlin angepata taabu kuielewa. Kisa cha jambo hilo kinaelezwa vizuri na Walserhaus, makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1938 ndani ya nyumba kongwe ya kijiji.

Katika karne ya 13 wafugaji wa Kiwalser, ambao asili yao ni Valais, jimbo jingine la Uswisi, walivuka milima wakitafuta malisho, wakaingia Gurin kutokea bonde la Formazza, ambalo leo liko Italia. Kanisa lao liliwekwa wakfu mwaka 1253. Walikuja na lugha yao pamoja na ufundi wao wa kujenga kwa magogo, na ndiyo sababu nyumba hii ina msingi wa mawe na kuta za mbao, ilhali nyumba za vijiji vya chini bondeni karibu zote ni za mawe. Maghala yao ya nafaka, yaitwayo torba, yaliinuliwa juu ya miguu yenye mawe bapa ili panya wasipande.

Kilichonigusa kuliko vyote ni kidirisha kidogo ukutani, chenye kibao cha kusukuma. Kilifunguliwa mtu alipokata roho ili roho ipate njia, kisha kikafungwa. Nilisimama mbele yake kwa muda mrefu, hasa kwa kuwa maporomoko ya theluji ya mwaka 1695 na 1749 yaliua watu wengi hapa, na waliobaki hawakukihama kijiji.

Nawashauri wageni waanzie ndani ya nyumba hii kabla ya kuzunguka kijijini, kwani baadaye kila ghala na kila mteremko huwa na maana. Wanaokuja kuteleza kwenye theluji wafahamu kwamba makumbusho hufungwa majira ya baridi. Miezi ya kiangazi ndiyo inayofaa, na saa mbili za kukaa humo si nyingi.