Kabureta imerudi inang'aa, na mimi nimeumia

Nilikuwa nimeapa kuwapa hawa mafundi wa kabureta nyota moja, basi. Sasa sijui. Wacha nieleze.

Gari langu ni Chevelle SS 396 ya 1969, iliyoundwa hapa hapa Baltimore, na kabureta yake ya Rochester Quadrajet ndiyo ile ile iliyotoka nayo kiwandani. Chakavu, nakubali. Shafti ya chini ilikuwa imeila alumini mpaka hewa inapenya. Tukisimama kwenye taa, gari linatetemeka kama mtu mwenye homa. Lakini ubavuni, upande wa dereva, kulikuwa na namba inayoanza na 7029, na karibu yake tarakimu nne: 0349. Anayezijua hizi anasoma hivi: siku ya 34 ya mwaka 1969, yaani tarehe 3 Februari. Gari liliundwa wiki chache baadaye. Thamani yote iko hapo. Quadrajet nyingine nitaokota popote, yenye tarehe inayolingana na gari langu nitaitoa wapi?

Niliwaandikia maagizo mawili kwenye karatasi, nikaifunga juu ya kabureta kwa raba: tieni bushi (kile kipete cha kuziba nafasi iliyolika) kwenye shafti, na msiguse maandishi.

Wakakaa nayo mwezi na zaidi. Simu hawashiki.

Kufungua boksi, nakuta kitu kinang'aa kama sufuria ya arusi. Ile rangi ya dhahabu iliyofifia hakuna, wameipuliza mchanga yote. 7029 bado inaonekana ukiinamisha kwenye mwanga. Kwenye tarehe, ile 4 imebaki kivuli, na 9 unaweza kuiita 0 ukipenda ubishi. Na ubishi utakuwepo siku ya kuuza, maana wapo wanaofuta namba na kugonga nyingine, kwa hiyo mnunuzi akiona maandishi yamefifia moyo unamwingia baridi.

Nikawarudia. Mzee wa kaunta hata hakuinua macho kutoka kwenye mkate wake. "Unataka kabureta ya kuendeshea au picha ya kutundika ukutani?" Karatasi yangu nilikuwa nimeikuta chini ya boksi, na raba yake. Nikamwekea mbele. Akasema vyuma vya namna hiyo viko pipa zima huko nyuma, nikachague. Pipa zima! Mimi nimenunua spea Kirinyaga Road, Nairobi; hata anayekuuzia kibovu pale hukibembeleza kwanza, "hii ni orijino, ndugu yangu." Uongo, sawa, lakini wenye heshima. Nikauliza skrubu zangu za zamani. Zimetupwa.

Sasa kinachoniudhi zaidi: kazi ya bushi ni safi. Gari linawaka mara moja, kwenye taa limetulia, mke wangu hata aliuliza kama limezimika. Kwa hilo pekee wanastahili nyota nne, na leo asubuhi nilikuwa nazitoa kabisa. Halafu nikafungua boneti kuangalia oili, nikaiona ile 0349 iliyoparuzwa.

Bahati niliipiga picha kwa simu kabla ya kuifungua kwenye injini, na mafuta yake meusi, tarakimu zote nne zinasomeka. Nimeichapisha kubwa. Ndiyo, mzee, sasa ninayo picha ya ukutani. Nyota mbili. Ukiwa na gari la kwendea kazini, wapelekee.