Stendi ya viatu ya mlangoni, ipi uchukue na ipi uiache dukani

Kama mlangoni kwako ndala, raba za watoto na viatu vya kazini vimetandazwa kama samaki wa mnadani, unahitaji stendi, ila kabla hujaenda popote shika futi kamba kwanza. Fungua mlango mpaka mwisho upime nafasi inayobaki nyuma yake. Kiatu namba 44 kinakaribia sm 30 kwa hiyo kina cha sm 30 kinatosha, zaidi ya hapo kwa hizi korido zetu za nyumba za kupanga mtakuwa mnapita kiubavuubavu.

Namba moja kwangu ni ya chuma, ya skwea paipu, anakuchomelea fundi wa mtaani. Mwambie ngazi ya chini iache sm 15 kutoka sakafuni dekio lipite, na ngazi ziwe za nondo zenye uwazi sio bati zima, maana masika ikianza matope na maji lazima vipate pa kudondokea. Pembeni akuchomelee vindoano viwili vya funguo na mwavuli. Halafu simama hapo hapo akipiga rangi ya kuzuia kutu, akiruka hiyo, kwa hewa ya chumvi ya Dar kutu itaanzia kwenye maungio na haichelewi.

Namba mbili ya mbao yenye benchi juu, mafundi fanicha wa Keko, Dar, wanaziweza. Kama unaishi na mzee ichukue hii hata kabla ya ya chuma, mwenye magoti mabovu utamvuaje viatu amesimama? Vanishi ipigwe mpaka chini ya miguu.

Tatu zile za mabomba ya kuchomeka za Kariakoo. Rahisi, nyepesi, ukihama unaifungua unatia kwenye mfuko. Kwa geto sawa, kwa familia hapana, viungio vya plastiki vinapasuka.

Ya mwisho kabati la MDF, yale mabao ya unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, lenye milango. Linapendeza jamani, na mimi nilinunua kwa uzuri huo huo, miezi michache ya kudeki miguu ya kabati ikavimba kama andazi, na viatu vya ngozi vya mume wangu vikaota ukungu mweupe humo ndani kwa sababu vinafungiwa na jasho lake hewa haipiti. Kama umeshalinunua toboa matundu mgongoni, na miguu uikalishe juu ya vipande vya tailizi.