Sebule ya kisasa ila imepoa? Nunua kwa mpangilio huu

Jamani hizi nyumba zetu mpya, taili nyeupe, jipsamu, madirisha ya alumini, sofa la kijivu, ni safi na zinapendeza ila mgeni akikaa hajui yuko kwako au yuko hotelini. Kama hela ni ya kubana mi ningeanza hivi.

Namba moja balbu, hapa sibishani na mtu. Wengi tumefunga zile LED nyeupe za 6500K, jikoni sawa, ila sebuleni usiku zinapausha kila kitu mpaka sura za watu. Dukani geuza boksi usome, tafuta 2700K au 3000K, ndio ule mwanga wa njano. Ukiweza ongeza na taa ya mezani kwenye kona ya kochi, zima ile ya dari uone.

Mbili ni mkeka wa ukindu. Kwa joto la Dar kapeti la manyoya linashika vumbi na harufu, mkeka unaukung'uta maisha yanaendelea. Kabla hujalipa ugeuze kwanza, mkeka ni ukili, yaani utepe mrefu wa ukindu uliosukwa, ulioshonwa safu kwa safu, sasa pitisha kidole kwenye maungio, uzi ukiwa umelegea au mwanga unapenya katikati muachie mwenyewe. Halafu lowesha kidole usugue ile rangi, ikikushika vidoleni itashika na taili zako.

Tatu foronya za kanga. Kariakoo mtaa wa Uhuru zimejaa, doti moja inatoa mito kadhaa, ila ifue kabla ya kumpelekea fundi maana kanga mpya huwa inachuja, na umwambie kabisa yale maandishi yakae katikati ya mto asiyakate.

Nne picha za ukutani. Safisha picha za kwenu, bibi na babu, harusi, watoto, uzitie fremu, zinashinda ile michoro ya New York iliyojaa kila duka. Bajeti ikiruhusu nenda kwa wachoraji wa Tingatinga pale Oysterbay, unanunua kwa mchoraji mwenyewe.

Tano vikapu vya Iringa na mmea wa ukweli, wa plastiki hapana.

Mwisho kabisa wallpaper za matofali ya 3D. Ukuta ukiwa na unyevu zinabanduka kuanzia pembeni, na kama umepanga muulize kwanza mwenye nyumba, gundi yake ikitoka inatoka na rangi.