Maski za kujazia kwenye Access: miaka miwili na daftari la wanachama

Ninatunza daftari la wanachama wa SACCOS moja mkoani Morogoro. Liko kwenye Microsoft Access, programu ya kutunza majedwali ya data, na kwa miaka miwili sasa natumia kile ambacho ofisini tunakiita maski: umbo unaloliwekea safu ya jedwali, ili anayejaza asiweze kuandika kwa namna nyingine.

Nilianza kwa sababu ya mama mmoja muuza dagaa. Mkopo wake ulipitishwa, ujumbe ukatumwa, yeye hakuupata. Siku ya kumi akaja dirishani: "Mwanangu, simu yangu siizimi hata usiku." Kufungua rekodi yake, namba ina tarakimu tisa. Sifuri ya mwanzo ipo, katikati imeruka moja. Mtaji wa mtu ulikaa siku kumi kwa tarakimu moja, na hakukuwa na kitu chochote cha kumzuia aliyeandika.

Maski ya simu niliyoweka ni 0000\ 000\ 000. Kila sifuri inadai tarakimu, herufi haiingii; mkwaju \ huifanya alama inayoufuata, hapa nafasi, ionekane kama ilivyo. Ukipunguza moja, programu haikuachii utoke kwenye kisanduku hadi ukamilishe au ufute. Alama nyingine unazizoea haraka: 9 ni tarakimu ya hiari, L ni herufi ya lazima, ? ni herufi ya hiari, na > hugeuza zote zinazofuata kuwa kubwa. Kwa magari yanayowekwa dhamana natumia >\T\ 000\ LLL. Zamani gari moja lilikuwa na sura tatu kwenye daftari, kila karani na yake, na ukilitafuta hulipati.

Ila mahali maski iliponisaidia kuliko pote ni namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Ina tarakimu 20, nane za mwanzo zikiwa tarehe ya kuzaliwa, na jicho lililochoka saa kumi jioni huruka sifuri bila kujua. Nimeandika 00000000\-00000\-00000\-00;0;_ na karani anaona vistari vimeshajipanga, anajaza mapengo tu. Hakikisha safu yenyewe ni ya maandishi. Ukiifanya ya namba za aina ya Double, hutunza kwa uhakika tarakimu 15 tu, na za mwisho huzipati tena.

Ile sifuri iliyo peke yake kati ya nuktamkato mbili isomeni kwa makini. Inaiambia Access ihifadhi na vistari. Ukiweka 1, au ukiacha wazi, vistari huonekana kwenye skrini lakini havihifadhiwi. Mimi kwenye jedwali la wanachama niliweka 0, kwenye la mikopo nikaacha wazi. Nilipoyaunganisha, ripoti ikatoka tupu. Jioni mbili nilitazama namba zinazofanana kabisa machoni, kumbe moja ina vistari na nyingine haina. Amueni mapema, kisha mfuate hivyo hivyo kwenye kila jedwali.

Mifano ya namba iliyomo ndani ya programu ni ya Marekani: simu zenye mabano, msimbo wao wa posta, namba yao ya hifadhi ya jamii. Hakuna hata mmoja uliotufaa, kwa hiyo jiandae kuandika zako mwenyewe.

Maski hulinda umbo, haijui maana. Mtu akijaza mwezi wa 13 kwenye tarehe ya NIDA, inapita. Ilinibidi niongeze kanuni ya ukaguzi kwamba tarakimu ya tano na ya sita ziwe kati ya 01 na 12. Na data inayoletwa kwa mkupuo kutoka faili jingine haipiti kwenye maski kabisa.

Kwenye majina nimeiondoa. Niliweka ya herufi tupu, ikamkataa mwanachama wa kwanza mwenye jina kama Ng'wandu, kwa sababu ya ile ritifaa. Jina la mtu halipaswi kukatwa ili litoshee kwenye kisanduku chetu. Vilevile tuna wanachama waliohamia Muscat. Namba zao huanza na +968, kisha tarakimu nane. Hao nimewafungulia safu ya pili isiyo na maski.

Naipa nyota nne kati ya tano. Kazi kubwa ilibaki kwenye rekodi za zamani, maana maski haigusi kilichokwisha kuandikwa. Nilichuja namba zote za simu zisizofika tarakimu kumi, nikachapisha orodha, na tangu hapo kila mwanachama wa orodha ile akifika dirishani tunamwomba atutajie namba yake upya, polepole. Zimebaki kurasa mbili.